Msichana Aliyemkalimania Mama Yake

Msichana alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alifika akiwa bado na begi la shule mgongoni. Mama yake, aliyehamia Toronto kutoka Kolombia, aliketi kando yake bila kuvua koti. Kazi yangu katika kituo kimoja cha ushauri nasaha huku Malvern, mtaa wa Toronto, ni kupokea familia siku ya kwanza na kujaza fomu zao. Siku hiyo mkalimani wa Kihispania tuliyemtarajia kwenye simu hakupatikana.

"Mimi naweza kumsaidia mama," msichana alisema kwa Kiingereza.

Nikakubali. Kosa ni langu, silifichi.

Mama alieleza kwamba kifua humbana na mikono humtetemeka, tangu mama yake mzazi alipofariki kwao naye akashindwa kwenda kuzika. Msichana alikalimani vizuri. Kisha nikafika kwenye swali tunalotakiwa kumuuliza kila mtu: je, umewahi kufikiria kujitoa uhai? Lilinitoka kabla sijafikiria ni nani anayelipokea.

Msichana akamgeukia mama yake, akasema maneno mawili matatu. Mama akatabasamu.

"Anasema hapana."

"Umemuuliza nini?"

Akainamisha kichwa. "Kama amekula."

Nilifunga faili. Mwenzangu akamchukua msichana wakachore katika chumba cha pili, nami nikapiga simu huku na huku hadi nikampata mkalimani mtu mzima. Mama alipoulizwa swali lilelile, alijibu, "Ndiyo. Mara mbili." Hakutoka pale mpaka daktari alipomwona, na dada yake akaja kumchukua.

Nikiendesha gari kurudi nyumbani nilimkumbuka mama mkwe wangu. Alipotutembelea kutoka Nyeri, mwanangu alimsindikiza kwa daktari kwa sababu mimi nilikuwa kazini. Mwanangu huyo husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Nyanya yake alisema, "Roho yangu imechoka." Mtoto akamwambia daktari kwamba nyanya ana usingizi. Wakarudi na vidonge vya vitamini. Nilikuja kujua alichosema nyanya alipokuwa amesharudi kwao, tena kwa kuambiwa na shemeji yangu.

Kesho yake niliingia ofisini kwa msimamizi. "Mtoto asikalimani tena hapa."

"Na mkalimani akikosekana?"

"Tunatafuta mwingine palepale. Hata tukichelewa."

Hilo alilikubali. La pili, la kubadili huduma yenyewe, lilikuwa gumu. Mama alipokuja tena, safari hii na mkalimani, nilimuuliza ni nini kingemrahisishia. Alicheka. "Unaniuliza mimi?" Halafu akasema mlangoni kwetu tumeandika afya ya akili kwa herufi kubwa, na akina mama wenzake wakimwona anaingia watasema ana wazimu. Tena sisi tunataka aketi peke yake na mgeni, wakati kwao jambo zito husemwa dada akiwa karibu.

Akanialika kwenye ukumbi wa kanisa lao. Nilienda Jumapili tatu. Akina mama wa huko walinipa unga wa mahindi niukande kwa mikate yao, na mkono uliozoea kusonga ugali haukuhitaji kufundishwa sana. Tukiwa tunakanda, walisema yaliyowasibu. Mmoja ambaye mume wake anafanya kazi kwenye ghala katika mji jirani wa Brampton aliniambia alisubiri miezi kupata mshauri, na alipompata hakuelewa neno lake hata moja.

Nilimwomba msimamizi tuhamishie huduma ukumbini. Akakataa. Nikaomba tena, na kwamba mtu aruhusiwe kuja na ndugu yake, akasema utaratibu hauruhusu jamaa kuingia chumba cha ushauri. Mara ya tatu sikwenda peke yangu. Nilikwenda na akina mama wanne wa kule ukumbini, na mkalimani. Walizungumza karibu saa nzima. Msimamizi aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

Siku hizi kila Alhamisi mshauri anayezungumza Kihispania, mzaliwa wa El Salvador, hukaa ukumbini kule. Mtu huja na dada, mume, nyanya, amtakaye. Yule mama huja pamoja na dada yake. Hajapona kabisa, kuna wiki kifua humbana. Lakini sasa husema mapema, na binti yake muda huo yuko mazoezini akicheza mpira.

Mshauri mmoja hatoshi, na watu wanaosubiri ni wengi. Jumatatu nina kikao kingine na msimamizi. Akina mama wameshaniambia watanikuta mlangoni.