Kijiji Kilichoandikwa Hakina Watu

Mizigo ya Mama ilikaa mlangoni kwetu Kawangware mwezi mzima. Kila asubuhi nilijikwaa kwenye gunia lile lile, na kila asubuhi nilimuuliza ataondoka lini. Alikuwa ameamua kurudi Kitui moja kwa moja, akalime, aachane na Nairobi. Lakini hakutaka kupanda basi kabla ya kuona mahali alipozikwa kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku chache tu, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa.

"Siwezi kuacha mtoto hapa na sijui nimemwacha wapi," alisema.

Kaka alizikwa Kibera, kwenye kijiji kidogo cha mafundi kutoka Machakos na Kitui, wafua bati na wasuka kamba, kando ya kijito. Baada ya mazishi Mama alipelekwa nyumbani apone. Aliporudi alikuta matrekta yamepita yakichimba njia ya bomba la majitaka. Mabanda hayakuwapo, majirani wametawanyika. Baadaye nyumba ziliota juu ya pale, maghorofa ya Nyayo Highrise yakasimama ng'ambo, na Mama akapoteza kabisa alama.

Wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimeajiriwa na mpima ardhi mmoja mjini. Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani kuukuu kwa wino, nayo ilinitesa, kwa maana mimi si mtu wa kutulia kitini. Sasa ilinipa shughuli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama: kila saa ya chakula nilivuta droo za chini, vumbi likinijaa puani, chai ikipoa mezani. Ramani ya kwanza ilionyesha vichaka. Ya pili ilionyesha bomba, mstari mnene mweusi, na pande zote mbili karatasi tupu. Nilikasirika. Mtu achore mfereji wa kinyesi halafu awaruke binadamu?

Wiki ya tatu nikapata faili la karani aliyeikagua njia ya bomba kabla ya kuchimbwa. Aliyahesabu mabanda kumi na moja, akapima umbali wa banda la mwisho kutoka pale reli inapovuka kijito, akaandika kwamba ni ya kuwekea vifaa vya mafundi, na kwamba hakuna wakaaji. Nilimtukana yule karani kwa sauti. Wenzangu waligeuka kunitazama.

Jioni nilimsomea Mama. Nilitegemea naye atawaka. Badala yake alianza kuchambua maharagwe aliyokuwa ameshayachambua.

"Banda la mwisho lilikuwa letu," alisema hatimaye. "Twende Jumamosi."

Tulianzia relini, mimi na nakala yangu ya ramani na futi ya mkanda. Kwenye karatasi ulikuwa mstari mmoja ulionyooka. Kibera hakuna kunyooka: kila hatua kumi ukuta, mtaro, kamba ya nguo, unazunguka, unapoteza hesabu, unaanza tena. Mama alinifuata akinitania kwamba kwa mwendo wangu tungefika Kitui kwa miguu. Nilimjibu vibaya, na hadi leo jibu hilo linaniuma. Tulipokaribia mtaa uitwao Raila, vijana waliokuwa wakirekebisha redio waliniona na futi mkononi.

"Niaje madam? Mnakuja kubomoa?"

"Hapana," nilisema, lakini habari ilikuwa imeshatutangulia.

Kipimo changu kiliishia mbele ya chumba cha mabati. Mwanamke mmoja muuza makaa, mwenye lafudhi ya Magharibi, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, amejaza mlango wote.

"Hapa watu hawalalangi," alisema kabla sijamsalimia. "Ni stoo tu. Stoo ya makaa."

Katika upenyo kati ya mkono na kiuno chake niliona mguu wa kitanda, na sare ya shule ikidondosha maji kwenye kamba. Nilifungua kinywa nimbishie. Mama alinishika mkono. Alikuwa akitazama jiwe kubwa kwenye kona ya chumba, lililojengewa humo humo ukutani, nusu ndani nusu nje, kwa kuwa lilikuwa kubwa mno kuondolewa. Akaliendea, akaketi juu yake bila kuomba ruhusa.

"Usimtukane tena yule karani," aliniambia. "Ni mimi nilimwambia hakuna watu."

Nilidhani jua limemzidi.

"Tulikuwa tumepatana. Mtu akija na karatasi, mnazima moto, mnaficha vitanda, watoto wanapelekwa bondeni. Mkisema mnaishi hapa, mnafukuzwa. Siku ile wenzangu walikimbia na watoto wao. Mimi sikuwa na wa kukimbia naye, tulikuwa tumemzika jana yake. Kwa hivyo mimi ndiye nilibaki kujibu." Alipitisha kiganja juu ya jiwe. "Akaona udongo mbichi hapa nyuma ya jiwe. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia takataka."

Niliikunja ramani. Miguu yangu, isiyojua kutulia mwezi mzima, ilitulia.

Muuza makaa alishusha mikono kutoka kiunoni. Mama aligeuka akamtazama usoni.

"Mama, sitaki nyumba yako. Hapa nilizika mtoto."

Yule muuza makaa aligeuka. Aliingia ndani, tukamsikia akiburuta kitanda, kisha gunia, kisha kitu kingine kizito. Alipotoka alikuwa amefagia sakafu nyuma ya jiwe, ufagio bado mkononi, anahema.

"Alikuwa msichana ama kijana?" aliuliza.

"Kijana," Mama alisema, akiinuka. "Alikuwa na nywele nyingi."