Mashine Isiyoitikia Salamu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na leo wewe umenifanya niikumbuke kwa hasira. Umeniambia eti jumbe zinazokwama kwenye programu yako ni chache tu, hazina neno, walioziandika hawajui kuandika. Kaa kitako, mwanangu. Neno hilo nililisema mimi kabla yako, na mpaka leo linanichoma.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa Mzee Haridasi, fundi wa kompyuta pale Mlandege. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Unguja kwa siku tano kupasua mtoto wa jicho bure, na mimi nikapewa kazi ya kuandika programu ya kupokea majina ya wagonjwa kwa ujumbe wa simu. Sharti lilikuwa jepesi: jina, mkato, umri kwa tarakimu, mkato, mtaa. Ujumbe usiofuata sharti, programu iliutupa kimya kimya. Niliijaribu kwa jumbe nilizoandika mwenyewe, ikazisoma zote, nikavimba kichwa.

Madaktari walipokwisha kuondoka, akaingia dukani Bi Zuhura wa Mpendae, aliyenisomesha Kurani chuoni nilipokuwa mdogo, anapapasa meza kwa mkono.

"Salma, mwanangu, nshapeleka ujumbe mara tatu, sijajibiwa. Mkwe wangu ndo aliyeniandikia. Tumekosea wapi?"

Mzee Haridasi akaichukua simu ya Bi Zuhura, akasoma kwa sauti: "Assalaam alaykum wanangu. Natumai hamjambo. Mimi sijambo ila macho. Naitwa Zuhura Makame, umri sabini na kitu, nakaa Mpendae. Nikiwasumbua mnisamehe."

Nami, kwa kiburi changu, nikajibu, "Bi Zuhura, hamkufuata maelekezo. Umri hamkuuandika kwa tarakimu, na programu imedhani salamu ndiyo jina lako."

"Basi nisamehe, mwanangu. Sikujua kama haitaki salamu."

Mzee Haridasi aliwaka. "Yeye ndo akuombe radhi wewe? Salma, mashine yako inawafukuza wenye adabu! Aliyebwata jina lake bila ya salamu kapata daktari, aliyekufunza wewe kusalimu kakosa!"

Nikakimbilia kompyuta, nikaiamuru programu ifute "Assalaam alaykum" ikiikuta mwanzoni. Hasira zikamzidi. "Na aliyeanza na hodi je? Na wa hamjambo? Utaziba vitundu vingapi bila kujua vilipo?" Akanikalisha nizisome jumbe zote zilizotupwa, maana simu ya duka ilikuwa bado inazo. Karibu zote zilikuwa za wazee. Mmoja hakujua umri wake, aliandika tu kwamba kazaliwa msimu wa karafuu nyingi. Nilisoma huku nalia.

Mwaka uliofuata madaktari walirudi. Safari hii ujumbe ulioishinda programu niliusoma mimi mwenyewe, na jina la kwanza orodhani lilikuwa la Bi Zuhura. Jicho la kulia lilipona. La kushoto, daktari alisema, lingewahiwa mwaka uliopita lingepona pia. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka anafariki alikuwa akigeuza uso mzima ili anione, wala hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu!

Basi nisikusikie tena ukisema ni chache. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kabla hujaweka sharti, soma watu wanavyoandika, si unavyotaka wewe waandike. Programu isipomfahamu mtu, na iseme haikufahamu, kisha binadamu amsome binadamu mwenzake. Kutupa kimya kimya ni dhulma, mwanangu, hata kama ametupwa mmoja tu.

Nenda sasa hivi ukazifungue hizo chache zako. Mungu akupe moyo wa kumsikia kila anayekuandikia, na akuepushe na siku ya kuombwa radhi na mtu uliyemdhulumu.