Jina Langu Kwenye Mashine ya Hamisi

Kompyuta ya zamani ikiwashwa baada ya kukaa muda mrefu hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Nikiinusa tu, narudi Mtaa wa Kongo, ghorofani juu ya duka la vitenge, nina miaka kumi na minne na nimekalia kiti cha kaka yangu.

Biashara ilikuwa imeachiwa huru, bidhaa za nje zinamwagika Kariakoo, na kila mzazi alitaka mwanawe ajue kompyuta. Baba alimwandikisha kaka yangu Hamisi kwenye darasa la kompyuta pale ghorofani. Hamisi akachagua mpira kule Jangwani. Nikapanda zile ngazi badala yake, na Baba hakuambiwa.

Mwalimu Jayesh, aliyekuja kutoka Upanga na shati lililonyooka kama karatasi, alinivumilia mradi nikae kimya. Siku moja akatufundisha getenv, yaani namna programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inavyoiuliza kompyuta maelezo iliyowekewa tangu ilipowashwa. Kila mashine alikuwa ameiwekea JINA la mwanafunzi wake. Nikaandika programu ya kumsalimia mwenye JINA hilo, nikaiendesha. Kioo kikasema: Habari, Hamisi.

Darasa likacheka. Nikatoka kwenye programu, nikaandika amri ya kubadilisha jina, SET JINA=ZUHURA, nikaiendesha tena. Ikanisalimia mimi. Mwalimu akaja, akaliondoa JINA kabisa, akasema yeye hamjui mwanafunzi huyo. Nikaiendesha programu tena, sasa ikasema: Habari, (null). Yaani hakuna mtu.

Lakini mwenyewe alishatuonya kwamba getenv ikikosa kitu hurudi mikono mitupu, na ni lazima programu ielezwe la kufanya. Nikaieleza: ukikosa jina, andika Zuhura.

"Futa," alisema.

"Sifuti, Mwalimu. Umesema tuipe jibu. Nimeipa."

Akaagiza Baba aitwe. Mikono sikuitoa kwenye kibodi. Baba alifika, akasoma kioo polepole, akauliza nani kaandika. Nikasema ni mimi. Akauliza Hamisi yuko wapi. Nikasema mpirani. Akamgeukia mwalimu.

"Basi, Mwalimu, mwandikishe huyu."

Jioni ile Hamisi alisemwa mpaka chakula kikapoa.

Ukubwani, nikiwa nalipwa kwa kazi hiyohiyo ya kuandika programu, ndipo nilipoelewa kwamba getenv haijui nani amekaa mbele yake. Husoma tu kilichowekwa na aliyetangulia, na jina lako likikosekana haina maana kwamba hupo. Siku ile sikuwa na maneno hayo. Nilijua tu kwamba nimeshakaa, na siondoki.