Meza ya Fundi Wino

Fundi Wino hafungui kifaa kwa bisibisi. Anapitisha kadi kuukuu ya plastiki pembeni mwa fremu, taratibu, kama anayemvua viatu mtoto aliyelala. Kioo cha kifaa cha kusomea vitabu ni chembamba. Ukikibonyeza vibaya, kimekuaga.

"Dunia nzima ina simu," mdogo wake wa kiume, fundi simu anayechangia naye kibanda, anamchokoza. "Dada, wagonjwa wako wamebaki wazee watupu!"

"Wazee hawaangushi vifaa chooni," anajibu bila kuinua kichwa.

Utani huo una mwiba. Mdogo mtu anaitaka meza ya dada yake, na wamekubaliana: mambo yasipobadilika kufikia mwisho wa mwezi, ataichukua. Zamani Fundi Wino alipokea vifaa vinne kwa siku. Sasa viwili kwa wiki ni neema. Vipuri haviletwi tena, na vioo vya simu vimepanuka hadi kitabu kinaenea humo.

Jina la utani la Fundi Wino limetokana na vioo vya vifaa vyake, visivyowaka kama vya simu. Herufi hutulia kama wino juu ya karatasi.

Leo amekuja dereva wa lori mstaafu. Betri ya kifaa chake imevimba kama shavu lenye jino bovu.

"Si usome kwenye simu tu, mzee?" fundi simu anamuuliza.

"Nasoma. Ukurasa wa pili, shemeji anapiga. Wa tatu, nimeshahamia kwenye mpira. Hiki hakina shemeji, mwanangu. Ndiyo raha yake."

Fundi Wino anapachika betri aliyoitoa kwenye kifaa kilichokufa. Kisha inafuata sheria ya meza yake: mteja haondoki mpaka asome kwa sauti.

"Kioo kibovu huacha kivuli cha ukurasa uliopita," anaeleza. "Anayesoma kimyakimya ana haraka ya kusema kiko sawa."

Mzee anasoma hadithi. Mjane amefunga safari kwenda kwa shemeji yake kudai cherehani aliyonyang'anywa. Wateja wa simu wanasogea kusikiliza mmoja baada ya mwingine. Mjane anafika, anabisha hodi, na mzee anazima.

"Kiko sawa, fundi."

"Aah, mzee!" fundi simu anaruka, bisibisi mkononi. "Kafunguliwa, hakufunguliwa?"

"Nunua chako!"

Kibanda kinaangua kicheko, lakini Fundi Wino anatazama droo yake. Imejaa vifaa vilivyotelekezwa na wenyewe. Anamwambia mdogo wake anataka kuvifufua na kuvikodisha kwa wanaosubiri simu zao zitengenezwe.

"Simu zimeshinda, sibishani," anasema. "Ila anayesubiri simu hana simu. Huyo ni wangu."

Mchana, mdogo wake anaburuta stuli mbili za wateja wanaosubiri simu na kuziweka mbele ya meza ya dada yake.

"Majaribio tu. Mwezi haujaisha," anaonya. Anajikuna shingo. "Halafu, dada... yule mjane, unaye humo kwenye droo?"