Mselem Atafuta Babu wa Kiingereza

Mselem Vuai alikuwa fundi wa makochi huko Troyeville, Johannesburg, na hakuna kochi lililomshinda isipokuwa lile la nyumbani kwake Joubert Park, ambalo mkewe Mayasa alimkumbusha kila Idd kwamba springi zake zinawachoma wageni. Mselem alitoka Pemba akiwa kijana. Karakana yake ilikuwa nusu ya nyuma ya nyumba moja kuukuu. Nusu ya mbele alipanga Célestine, mama yake Gaëlle, msusi kutoka Uvira, Kongo. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake anamwombea afya.

Waliishi kwa ubishi. Mselem aliamini kwamba Kiswahili kilizaliwa visiwani, na kwamba kilipofika Kongo kilikuwa kimechoka na safari.

"Mama Gaëlle," alikuwa akisema, "hebu nifasirie. 'Iko bantu mingi' ndiyo lugha gani?"

"Njo lugha yenye inakuletea chai kila asubuhi, Papa Mselem," Célestine alijibu, na chai ikaja.

Kila Mpemba aliyekaa na Mselem kwenye kahawa alikuwa na babu kutoka Omani au Shirazi. Mselem hakutaka babu wa kuazima. Alikuwa na wake wa pekee: marehemu baba yake aliwahi kumwambia kwamba Babu Feruzi, mzaa baba, alikuwa Mkweka. Mkweka ni nini, baba hakueleza, na mtoto hakuuliza. Alichojua ni kwamba Wakweka walikuwa Waingereza wa dini waliokuja Pemba enzi za ukoloni na kumiliki shamba la karafuu nje ya Chake Chake. Mselem akaunganisha mwenyewe. Babu alikuwa Mkweka, Wakweka ni Waingereza, na pua ya baba yake ilikuwa nyembamba. Mambo yakabaki hapo kwa miaka mingi, kama kitambaa kizuri ambacho bado hakijapata kochi.

Mwaka 2016 akaja mteja, Bi Daphne Tapscott, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye viatu vya kutembelea milimani hata siku ya kwenda dukani. Alileta kiti cha baba wa babu yake, Edmund, ili kiwambwe upya. Mselem alipokuwa anang'oa misumari, Bi Daphne akawa anahadithia kwa Kiingereza, maana alikuwa mtu wa kuhadithia. Wajukuu zake wawili walikuwa wamehamia Uingereza. Babu yao wa upande wa pili alizaliwa kule, basi wakaruhusiwa kwenda kuishi na kufanya kazi.

"Babu mmoja tu?" Mselem aliuliza.

"Mmoja anatosha. Huyu Edmund wangu angewafaa pia, ila ni wa zamani mno. Alikuwa Mkweka. Kabla hajaja huku alifundisha kwenye kisiwa kimoja kinaitwa Pemba."

Mselem akaweka nyundo chini.

"Mama Daphne," alisema taratibu, "babu yangu mie alikuwa Mkweka. Hapo hapo Pemba."

Bi Daphne akakaa kwenye kiti alichokuja nacho, ambacho wakati huo kilikuwa springi tupu, na hakuhisi kitu. Alimtazama Mselem kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Unajua, hiyo pua yako."

Kuanzia siku ile wakawa kitu kimoja. Mselem alimweleza Mayasa peke yake. Shangazi yake Biubwa, dada wa baba yake, alikuwa hai huko Pemba, umri wake umepita themanini, na simu anayo. Lakini kumwambia Shangazi Biubwa ni sawa na kutangaza msikitini siku ya Ijumaa. Ukoo mzima ungefunga mizigo kwenda Uingereza kabla yeye hajapata fomu.

Bi Daphne alimwalika kwanza kwenye ibada ya Wakweka, Jumapili, akutane na wazee wanaojua mambo ya zamani. Célestine alisikia kupitia mbao. Akatokea mlangoni na kitana mkononi.

"Unaenda kwa Marafiki bila mimi?" Wakweka wenyewe hujiita Marafiki, na Célestine alikuwa mmoja wao. "Mimi niko Rafiki tangu tumbo la mama. Kwetu Uvira tunaimba mpaka bajirani banakuya kulalamika. Nitakupeleka mimi."

Jumapili akaja na kitenge kipya, na kayamba ndani ya mkoba.

Walikuta watu wachache, wengi wazee, wamekaa kwenye viti vilivyopangwa duara. Hakuna mimbari, hakuna ngoma, hakuna anayesema neno. Wakakaa. Dakika zikapita. Mselem alidhani mchungaji amechelewa, pengine robot, zile taa za barabarani, zimekufa na magari yamekwama. Dakika zikapita tena. Mzee mmoja alifumba macho. Mama mmoja alikuwa anatazama mti dirishani kana kwamba mti ule ndio utakaoanza.

"Papa Mselem," Célestine alinong'ona, "hawa bantu iko bagonjwa?"

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Bote bamenyamaza. Njo shida."

Akajigeuza kidogo, na kayamba likalia ndani ya mkoba. Hakuna aliyegeuka.

Mwishowe Mselem aliwaonea huruma. Watu wamekuja mbali, wamevaa vizuri, na hakuna hata mmoja mwenye la kusema. Akasimama.

"Samahanini," alisema kwa Kiingereza chake cha kuuzia makochi. "Mimi naitwa Mselem. Namtafuta babu yangu. Nimemtafuta muda mrefu. Anayemjua aniambie."

Kimya. Mzee aliyefumba macho akavua miwani na kujipangusa machozi. Mselem akangoja jibu, halikuja, akaketi. Baada ya hapo kimya kikawa kizito zaidi. Kisha ghafla watu wakaanza kupeana mikono, na ikasemekana ibada imekwisha.

Kwenye chai yule mzee alimshika Mselem mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ulilolisema limenigusa sana," alisema. "Sisi sote tunamtafuta."

"Nanyi pia mnamtafuta Feruzi?" Mselem aliuliza kwa mshangao.

Njiani kurudi Célestine alikaa kimya kuliko alivyokaa kwenye ibada. Walipofika Troyeville akatoa uamuzi wake. "Hawa si Marafiki. Hawa banangojea basi. Lakini biskuti yabo iko nzuri. Tutarudia."

Kwa upande wa babu, hata hivyo, ibada haikutoa kitu. Bi Daphne akamwingiza Mselem kwenye kikundi chake cha watafuta nasaba, kilichokutana Jumamosi moja kila mwezi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Kila mmoja alikuwa na marehemu wake. Alikuwepo daktari wa meno aliyemfuatilia bibi mmoja Mkweka kwa miaka, bibi aliyefukuzwa na wenzake kwa kuolewa na mlevi, na kila mwezi daktari alikuja na habari mpya za yule mlevi. Walimpokea Mselem vizuri, wakampa kiti na keki, wakamfundisha kusoma vitabu vya makaburi na orodha za meli.

Kilichomshangaza ni wingi wa maandishi. Wakweka wa zamani waliandika nani alichelewa, nani alivaa rangi kali, nani alicheka mazikoni. "Watu hawa wakisali hawasemi," alimwambia Mayasa, "lakini wakishika kalamu hawanyamazi."

Edmund ndiye aliyeanza kuonekana. Katika nyumba Bi Daphne alikokulia, Edmund alikuwa karibu na mtakatifu. Kwa heshima yake redio haikufunguliwa Jumapili. Sasa kitabu cha zamani cha anwani za Johannesburg kikamwonyesha Edmund Tapscott, si mhubiri wala mwalimu, bali mwenye duka la vinanda, tena Troyeville, mitaa michache tu kutoka kwa Mselem. Mtafiti mmoja wa Uingereza, aliyekuwa akiandikiana na Bi Daphne, akapata sababu. Wakweka wa wakati ule hawakutaka muziki, na Edmund alikuwa anapiga kodiani usiku nyuma ya ghala la karafuu. Wakubwa wake wakamwambia achague, kodiani au kazi. Akachagua.

Bi Daphne alilisoma hilo akiwa amesimama katikati ya karakana, akacheka mpaka akashikilia meza. "Miaka sitini," alisema. "Miaka sitini sijafungua redio Jumapili."

Zamu ya Feruzi ilifika mwaka uliofuata. Mtafiti yule yule alituma nakala ya taarifa ya shamba la Pemba, na Bi Daphne akaja nayo mbio kabla ya chai. Célestine upande wa pili alikuwa anakausha nywele za mteja kwa mashine yake yenye kelele.

"Sikiliza," Bi Daphne alisema, akasoma. "'Feruzi, kijana wa Kimanyema, aliyepata uhuru wake, anapalilia mikarafuu. Katika ibada ndiye mtulivu kuliko wote. Hatujawahi kuona roho iliyotulia namna ile.'"

Mselem alisogea karibu. "Kijana wa wapi?"

"Manyema. Nimeangalia kwenye ramani. Ni Kongo."

Upande wa pili mashine ikazimwa.

Célestine hakuwa na haraka. Alikuja mlangoni, akafuta mikono kwenye aproni, akamwomba Bi Daphne arudie lile jina la mahali. Bi Daphne akarudia.

"Baba yangu iko mtu wa Kasongo," Célestine alisema. "Kasongo njo Manyema. Na Feruzi, kule kila nyumba iko na Feruzi wake." Akamtazama Mselem toka kofia mpaka ndala. "Hata hiyo pua. Mjomba wangu iko nayo."

"Kuna kosa," Mselem alisema. "Feruzi wako wengi, umesema mwenyewe."

Ikabidi apige simu Pemba, na Célestine akataka sauti iwekwe juu wote wasikie. Mselem alimwamkia shangazi yake, akazunguka kwenye habari za mvua na mifugo, hatimaye akauliza kama ni kweli Babu Feruzi alikuwa Muingereza.

Shangazi Biubwa alilirudia neno lenyewe. "Muingereza," alisema. "Mwanangu, kwani huko hakuna vioo?"

Célestine akageukia ukutani, mabega yakitikisika.

"Babu'ko alitoka bara, mbali, mtoto mdogo," shangazi aliendelea. "Kakamatwa kwao, kauzwa, kauzwa tena, kaja kuangukia Pemba. Uhuru ulipotoka, Wakweka wakampa kazi na kibanda. Kasali nao mpaka alipomuoa bibi yako, ndipo akaingia msikitini. Baba'ko alikuwa akisema Mkweka kwa kuwa hakupenda kusema mtumwa. Simlaumu. Zama zile neno lile lilikuwa linakufungia milango."

Bi Daphne, ambaye hakuelewa Kiswahili, aliona uso wa Mselem, akaweka karatasi chini.

"Imeandikwa hapa, shangazi," Mselem alisema akiichukua karatasi ile, "kwamba katika ibada yao yeye alikuwa mtulivu kuliko wote."

"Alikuwa amelala. Mtu kapalilia tangu alfajiri, kaingizwa ndani penye kivuli, kaambiwa akae kimya. Wewe ungefanya nini?"

Kabla ya kukata simu, shangazi aliimba wimbo mfupi ambao Feruzi alikuwa akiwaimbia wanawe jioni, kwa lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeijua. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikupotea njia. Wote wakamgeukia Célestine.

"Sijui hata neno moja," Célestine alikiri. "Manyema iko makabila mingi." Akapangusa jicho kwa ncha ya aproni. "Lakini iko nzuri."

Siku mbili Mselem hakufungua karakana. Alikaa nyumbani juu ya kochi la springi mbovu, na Mayasa, baada ya kuvumilia, akamwambia kwamba yeye aliolewa na fundi, hakuolewa na pasipoti, na kama ana nafasi ya kukaa basi atengeneze kochi. Akalitengeneza. Siku ya tatu alirudi Troyeville na kukuta chai mezani na Wakongo wanne kutoka mtaa wa Bellevue wamekuja kumwona Mmanyema aliyepotea.

Toka hapo Célestine hakumwita Papa Mselem tena. Alimwita kaka, tena mbele ya wateja, na kaka ana kazi zake. Mwaka 2018 binti yake Gaëlle alichumbiwa na Joël, kijana wa Lubumbashi mwenye kampuni ya ulinzi, na wajomba wote wa Gaëlle walikuwa Kongo. Mjomba akahitajika. Mselem alisema yeye hajui mila hizo. Célestine akasema hata yeye hazijui zote, wataulizana.

Siku ya wakwe kuja, Mselem aliketi mbele kwa kanzu na kofia ya Kipemba, na upande wa bwana harusi wakanong'onezana kwa Kifaransa. Mzee wao akamuuliza kwa adabu mjomba ni mtu wa wapi.

"Manyema," Mselem alisema. Akafikiri. "Kwa njia ya Pemba."

Mzee akaridhika. Kwa desturi yao mjomba hupewa suti, na suti ikaja, ya kijivu, inang'aa. Mselem aliivaa harusini. Bi Daphne alikuwepo na viatu vyake vya milimani, ameketishwa meza ya ukoo, na muziki ulipoanza mjomba akaitwa amwingize bibi harusi kwa kucheza. Alicheza kama mtu anayevusha kabati mlangoni. Mayasa akachukua video, akaituma Pemba.

Jibu la Shangazi Biubwa lilifika kabla keki haijakatwa.

"Nimewaona wote, Mungu awabariki," sauti yake ilisema. "Lakini ile suruali ya Mselem, fupi. Nani kamshonea?"