Majogoo Wanene wa Shangazi

Shangazi yangu amefuga kuku wa mayai ya kutotolesha miaka kumi na moja, na sijaona kiumbe anayedekezwa kama majogoo wake. Mimi ninayemwoshea banda sijawahi hata kuulizwa nimelalaje.

Siku moja mwenye mashine ya kutotolesha alituita, akayashika mayai yetu mbele ya taa, moja moja. Yai lenye kifaranga likifika siku ya saba huonyesha mishipa myekundu. Yetu mengi yalikuwa matupu.

"Kumi na tisa kati ya thelathini hayana kitu," alisema. "Dada, nakupa mwezi mmoja. Yakija hivi tena, sitayapokea."

Mashine hapa mjini ni hiyo moja, na banda ndilo linalotulisha. Nilidhani Shangazi atalia. Wapi. Alikokota kigoda hadi mlangoni pa banda, akakaa kutwa nzima, macho kodo.

"Nataka nijue jogoo gani anakula bure," alisema.

Jioni, jua lilipopoa, majogoo wakaanza kazi. Kipenzi chake, tunamwita Bwana Harusi kwa ukubwa na maringo, alimpanda tetea, akayumba, akaanguka ubavu. Akajaribu tena, akaishia kuhema. Lakini jogoo mwembamba aliposogea, Bwana Harusi alimfukuza hadi ukutani. Nilicheka mbavu sina. Shangazi hakucheka. Aliingia akampapasa Bwana Harusi kidari: kimejaa nyama, mviringo. Cha yule mwembamba kilikuwa kimechongoka, kigumu. Akawapapasa wote kumi na wawili, kisha akaniuliza, anataka kujua kweli: "Hawa wanashibia wapi? Si wana chombo chao, na nawapimia?"

Uvumilivu ukaniishia. "Shangazi, kila asubuhi unawapa mahindi kiganjani. Halafu unawaacha wale na chakula cha majike, eti wanakutazama."

Nilijiandaa kwa matusi. Alikaa tu kwenye maranda ya sakafuni. "Kumbe ni mimi," alisema.

Tukafunga nondo kwenye vyombo vya majike, nafasi zikiwa finyu, kichwa cha jogoo kisipite. Chombo cha majogoo tukakitundika juu, majike wasikifikie. Wazito watatu, Bwana Harusi akiwemo, tukawatenga. Mwezi mzima sikulala vizuri, nasema kweli.

Siku ya kupima, yai la kwanza lilikuwa na mishipa. La pili pia. Matupu yalitoka matatu tu. Shangazi aliomba taa, akalitazama yai moja muda mrefu.

"Kuna kitu kinadunda humu," alisema, na machozi yakamtoka.

Njiani alinipa ufunguo wa stoo ya chakula. "Kuanzia kesho majogoo utawalisha wewe. Wakinitazama mimi siwezi. Wewe huna huruma."

Nilinuna hadi nyumbani. Asubuhi nikaingia bandani na kopo la kupimia, majogoo tisa wakanitazama kwa pamoja. Ilibidi nigeukie ukutani ndipo nikaweza kupima.