Pipa la Taka Mlangoni kwa Bibi

Juzi nilikuwa barazani kwangu hapa Lubaga, nyuki wawili wakaja kuzunguka chupa ya soda kando ya ndoo ya taka. Binti yangu aliwapungia mkono, akaendelea kucheza. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshika komeo la mlango.

Nililelewa kwenye kambi ya polisi, hapa hapa Kampala. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, na tuliishi katika vile vibanda vya duara vya mabati, chumba kimoja, kidirisha kisichofunguka. Mbele ya mlango wetu ndipo lilipokaa pipa la taka la majirani wote, halina kifuniko. Mama mmoja Mkenya, mke wa askari mwenzake baba, aliuza juisi, na maganda ya mananasi aliyatupa humo. Yalichacha juani. Nyuki wakaja, nyigu wakafuata.

Kwa wengine ilikuwa kero tu. Kwetu ilikuwa kifungo. Bibi yangu, aliyeishi nasi, aliwahi kuumwa na nyuki mmoja kule kijijini, koo likavimba, akabebwa hana fahamu. Daktari alimwonya kwamba siku nyingine huenda asiamke. Basi msimu wa mananasi bibi alishinda ndani mpaka giza liingie, na mimi nikitoka shule nilifungiwa naye, mlango usifunguliwe ovyo. Nje wenzangu wanacheza mpira. Sisi tunaponda simsim, yaani ufuta, jasho linatiririka, bati linalia kwa joto.

“Jela za serikali zina watu wengi,” bibi alizoea kusema. “Yetu ina wawili.”

Alasiri moja mpira uligonga pipa. Nyuki wakapaa kwa hasira, wakaanza kupenya chini ya mlango. Nilivua sweta ya shule nikaziba, lakini mmoja alikuwa ameshaingia. Bibi alijifunika shuka kitandani. Nyuki akatua begani pake, juu ya shuka.

“Nikivimba, usitoke nje,” bibi alisema taratibu. “Watakumaliza.”

Nilimfumbata yule nyuki. Akaniuma kiganjani, na sikufungua vidole. Ndipo nikapiga kelele.

Mama wa juisi alikuja amejitanda blanketi, akawasha majani mabichi yakafuka moshi, akalifunika pipa kwa magunia yaliyolowa. Alipoingia akamkuta bibi bado amejifunika shuka, akaelezwa habari ya bibi na nyuki.

“Kumbe mnajifungia kwa ajili ya maganda yangu? Mama, mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeacha kuuza,” bibi akajibu. “Watoto wako wangekula nini?”

Yule mama alikaa sakafuni akalia. Wiki haikuisha, akaagiza kifuniko cha bati kwa mafundi wa Katwe. Pipa likasogezwa hadi kwenye uzio. Maganda akawa anayafunga kwenye mfuko, anayamwagia majivu, na kila jioni anaosha pipa kwa sabuni. Bibi akatoka mchana, akakaa juani na kunyoosha miguu.

Vibanda vile vimebomolewa. Mama wa juisi alirudi kwao Kenya, na bibi tulimzika kijijini. Wakati ule nilichotamani ni kutoka tu. Siku hizi hakuna anayenizuia kwenda popote, na ninachotamani ni kile chumba cha moto, mlango umefungwa, bibi anapumua karibu yangu.